Pianola ya kukanyaga: namna ya kuikagua, kuihamisha na kuifanya iimbe tena

Swali huwa ni lile lile, kinachobadilika ni jina la mji tu. "Nimeona piano ya zamani inatolewa bure. Chini ina makanyagio mawili mapana, kifuani ina milango midogo ya kusukuma, na ndani kuna upau wa shaba wenye matundu mengi. Niichukue?" Anayeuliza ni Mswahili mwenzangu wa Columbus, Minneapolis au Leicester. Amekwenda kutafuta kabati kwenye mauzo ya vitu vya marehemu, akakutana na chombo hiki, na tangu siku hiyo hakimtoki akilini.

Chombo hicho ni pianola, yaani piano inayojipiga kwa kusoma roli ya karatasi yenye matundu. Mimi ninazo mbili hapa Ohio, zote za kukanyaga. Mengi nilifundishwa na mzee mmoja mkusanyaji ambaye nyumba yake imejaa piano hizi hadi ukumbini. Mengine nimeyajua kwa kuharibu, na hayo ndiyo nitakayoyasisitiza.

Jambo moja ulishike kabla ya mengine yote: chombo hiki kinaishi kwa hewa. Karibu kila tatizo utakalokutana nalo ni hewa inayopita pasipotakiwa, au isiyopita panapotakiwa. Kazi ya kwanza si kubandua wala kugundisha. Kazi ya kwanza ni kujua hewa inatorokea wapi.

Inavyofanya kazi, kwa kifupi

Wengi wanadhani ukikanyaga unapuliza. Hapana, unavuta. Mivukuto miwili ya chini inanyonya hewa kutoka ndani ya chombo kizima. Karatasi yenye matundu inapita juu ya upau wa shaba wenye matundu 88, kila tundu kwa noti yake. Tundu la karatasi likikutana na tundu la upau, hewa ya chumbani inaingia kwenye mrija mwembamba, inainua kifuko cha ngozi laini, na kifuko kinasukuma vali. Vali ikifunguka, kivukuto kidogo cha noti ile kinanywea ghafla, nacho kinainua mtambo wa nyundo. Nyundo inapiga nyaya. Karatasi ikiziba tena, hewa iliyobaki chini ya kifuko inanyonywa kupitia kitundu kidogo sana, ambacho mimi nakiita kitundu cha pumzi, na kila kitu kinarudi mahali pake. Likumbuke sana jina hilo, kitundu cha pumzi. Tutarudi kwake kwenye matatizo.

Edwin Votey aliunda mashine ya kwanza ya "Pianola" Detroit mwaka 1895, na kampuni ya Aeolian ikaiuza kwa jina hilo. Lilikuwa jina la biashara, lakini leo watu huziita hivyo zote. Ile ya kwanza ilikuwa kabati la kusogeza mbele ya piano ya kawaida, lenye vidole vya mbao vinavyobonyeza vibao. Baadaye mtambo ukaingizwa ndani ya piano yenyewe. Mwaka 1923 zaidi ya nusu ya piano zote zilizotengenezwa Marekani zilikuwa za kujipiga. Kisha redio ikaenea, gramafoni zikawa bora, na anguko la uchumi la 1929 likamaliza biashara. Ndiyo maana hadi leo unazikuta kwenye vyumba vya chini na magereji.

Utakachohitaji

Kwa ukaguzi wa siku ya kwanza:

- tochi yenye mwanga mkali na kioo kidogo cha kuchungulia
- bisibisi bapa mbili, pana na nyembamba (skrubu nyingi za enzi hizo ni za mfereji mmoja)
- simu ya kupigia picha, yenye programu ya kupimia noti
- roli moja ya noti 88 inayojulikana kuwa nzima, uazime kwa mkusanyaji ukiweza
- futi ya kupimia

Kwa matengenezo, ongeza:

- mashine ya kufyonza vumbi na brashi laini
- pampu ndogo ya mkono ya kusafishia upau wa matundu (huuzwa na wauza vipuri vya pianola)
- mirija mipya ya mpira, ya kipenyo sawa na ya zamani
- kitambaa cha mivukuto: kizito kwa mivukuto ya chini, chembamba sana kwa vivukuto vya noti
- gundi ya ngozi ya chengachenga (iliyotengenezwa kwa ngozi za wanyama, si ya kugundishia ngozi), chungu cha kuipashia na kipimajoto
- barakoa na glavu
- penseli, karatasi za lebo na mifuko midogo ya plastiki

Kuna kitu kingine kisichouzwa dukani: saa mbili nyumbani kwa mtu mwenye pianola inayofanya kazi vizuri. Usiruke hili. Kama hujawahi kuhisi mguuni jinsi makanyagio mazima yanavyokaza, hutajua kama yako ni mabovu. Pianola nyingi nzuri ziko majumbani mwa watu binafsi, na kwa uzoefu wangu wenye nazo hufurahi mno kupata mgeni anayeuliza. Watafute kupitia vyama vyao. Marekani kuna AMICA, iliyoanzishwa 1963, na Uingereza kuna Player Piano Group, ya tangu 1959. Ukialikwa, nenda na zawadi ndogo kama unavyokwenda kwa mzee yeyote, na usiguse roli mpaka uambiwe.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha mtambo bado upo.

Hili ndilo kosa namba moja la wanaoanza. Mafundi wengi wa miaka iliyopita waliung'oa mtambo wote wa hewa ili piano iwe nyepesi, wakaacha milango na makanyagio. Kwa nje inaonekana pianola, lakini ndani ni tupu. Sukuma milango ya kifuani. Lazima uone upau wa shaba, pahala pa roli juu yake, na spuli ya kupokelea karatasi chini yake. Kisha toa ubao wa mbele wa chini, ule ulio juu ya makanyagio, uangalie kama mivukuto mikubwa ipo.

2. Jua ni ya aina gani.

Hesabu matundu ya upau. Mwaka 1908 watengenezaji walikutana Buffalo, New York, wakakubaliana vipimo: karatasi ya upana wa inchi 11¼, yenye matundu 9 kwa kila inchi kwa mashine za noti 88, na 6 kwa inchi kwa zile za noti 65. Ya noti 88 ndiyo inayomfaa anayeanza, kwa sababu roli zake ni nyingi na mpya bado zinatengenezwa. Ya noti 65 ni ya kale zaidi na ina heshima yake, lakini roli zake ni za kuwindwa.

Ukiona jina Welte-Mignon, Duo-Art au Ampico, simama hapo hapo. Hizo haziishii kwenye noti. Zinarudia pia nguvu na ulaini wa mkono wa mpiga piano aliyerekodiwa. Welte-Mignon ilitoka Freiburg, Ujerumani, mwaka 1904, na hizo nyingine mbili ni za Marekani. Mitambo yake ina matundu ya ziada na vidhibiti vingi, na thamani yake kwa wakusanyaji ni kubwa. Ichukue ukipewa, lakini usiifungue. Mtafute mwenye ujuzi.

3. Kagua piano kabla ya pianola.

Mtambo wa hewa hata ukiwa mzima hauwezi kuipa uhai piano iliyokufa. Bonyeza vibao vyote 88 kimoja kimoja, polepole. Fungua mfuniko wa juu umulike pini zinazoshikilia nyaya. Ukiona nyufa kwenye mbao zinazozunguka pini, au noti moja inatoa sauti tatu zinazogombana vibaya na fundi anasema pini hazishiki, piano hiyo ni ya kuaga kwa heshima. Fremu ya chuma ikiwa na ufa, aga pia, hata kama kasha lake linang'aa. Noti ya A ya katikati inatakiwa iwe mitetemo 440 kwa sekunde. Ikiwa chini kidogo si balaa, kwani piano iliyosahauliwa miaka mingi hushuka. Ikiwa chini kwa noti nzima au zaidi, mwite fundi wa kutiyuni aiangalie kabla hujaikubali, maana kuipandisha juu kunaweza kukata nyaya kuukuu.

Wakati mfuniko uko wazi, andika namba iliyochapwa kwenye fremu au kwenye mbao. Kwa namba hiyo na jina la mtengenezaji, mkusanyaji au fundi atakuambia mwaka wake.

4. Angalia vibao vimevikwa nini.

Hapa nitasimama kidogo, maana linatuhusu. Mulika vibao vyeupe. Ukiona mstari mwembamba wa kiungo pale sehemu pana ya mbele inapokutana na mkia mwembamba wa nyuma, pamoja na mistari hafifu kama nyuzi za mbao, hiyo ni pembe ya ndovu. Vibao vingi vya piano za Marekani vilivikwa katika vijiji viwili vya Connecticut, Deep River na Ivoryton, kwenye viwanda vya Pratt, Read na Comstock, Cheney. Sehemu kubwa ya pembe zao ilitoka Zanzibar. Wanunuzi wa Marekani walizipendelea pembe laini za Afrika Mashariki, zilizoletwa pwani kwa misafara kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, mabegani mwa wapagazi. Huko Connecticut zilikatwa bamba nyembamba, zikaanikwa juani ndani ya vibanda vya vioo hadi zikawa nyeupe.

Kila ninapoondoa vumbi kwenye vibao vyangu hulifikiria hilo. Sijawahi kuvitazama kama mapambo tu. Kuna ndovu aliyekufa pale, na kuna mtu aliyetembea miezi na mzigo huo kichwani au begani, wengine wakiwa si watu huru. Ukiwaonyesha wageni pianola yako, waambie na habari hii.

Sasa upande wa sheria. Uingereza, kwa sheria ya pembe ya 2018 iliyoanza kutumika Juni 2022, huwezi kuuza ala yenye pembe bila kuisajili, na inayoruhusiwa ni iliyotengenezwa kabla ya 1975 yenye pembe chini ya asilimia 20. Marekani ina kanuni za taifa za 2016 zenye misamaha kwa vitu vya kale, lakini majimbo kama New York, New Jersey na California yana sheria zake. Kuvusha mpaka kunahitaji vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo usipakie kwenye kontena la kwenda Mombasa au Dar es Salaam bila kuuliza. Na kamwe usibandue pembe ukaiuza peke yake.

5. Ihamishe kwa watu wanaojua.

Pianola ya kusimama inaweza kufika kilo 350 au zaidi, na mtambo unafanya uzito uelemee juu. Ngazi na piano hii ni hatari ya kweli kwa mgongo na kwa maisha. Mimi niliwahi kukodi vijana wa kuhamisha samani kwa sababu bei yao ilikuwa nafuu. Waliikamata kwa ubao wa makanyagio, ukang'oka na mivukuto yake. Waambie wahamishaji mapema kwamba ni pianola na si piano ya kawaida, na uwatajie uzito. Funga milango ya kifuani kwa utepe, kunja makanyagio ndani, na ondoa roli zote.

Ikifika, iweke mbali na jiko, kipasha joto na dirisha la jua. Iache wiki mbili au tatu izoee unyevu wa nyumba yako kabla ya kuitiyuni au kuipima. Unyevu wa kati ya asilimia 40 na 50 unaifaa sana.

6. Piga picha ya kila kitu.

Kabla ya kugusa skrubu moja, piga picha mbele, nyuma, juu, chini, na kila mrija unapoanzia na kuishia. Kila kitakachotoka kipe lebo. Skrubu ziingie kwenye mfuko wenye jina la mahali zilipotoka, maana urefu wake hutofautiana, na skrubu ndefu kwenye tundu fupi hutoboa njia ya hewa ndani ya mbao.

7. Tafuta hewa inatorokea wapi.

Hii ndiyo hatua ya kutulia nayo. Usiwe na haraka hata kidogo.

Inua ubao mwembamba ulio mbele ya vibao. Hufunguka kwa bawaba, na chini yake utakuta vishikio vya kuendeshea. Kimoja kina sehemu mbili, ya kupiga na ya kurudisha karatasi. Weka roli, vuta karatasi hadi mahali pasipo na tundu lolote ili upau wote uzibwe, kisha fanya majaribio haya kwa mpangilio:

a) Kunja au ziba bomba kubwa linalotoka kwenye pampu ya chini kwenda juu, na lile linalokwenda kwenye mota ya hewa, inayozungusha spuli. Kanyaga. Makanyagio yanapaswa kukaza upesi na kugoma, na mvukuto wa akiba, ule unaohifadhi mvuto, ukae umenywea kwa muda ukiondoa miguu. Ukifunguka mara moja, tatizo liko chini, kwenye mivukuto yenyewe au kwenye vilango vya ngozi vilivyomo ndani yake.

b) Fungua bomba la mota tu. Spuli izunguke polepole na sawasawa. Ukisikia hewa ikilia, mota inavuja.

c) Fungua bomba la sanduku la juu, lile lenye vivukuto vya noti. Makanyagio yakilegea ghafla hapa, uvujaji uko juu.

Kuna njia ya mkato: weka kishikio sehemu ya kurudisha karatasi. Hapo sanduku la juu hukatiwa mvuto. Makanyagio yakiwa imara wakati wa kurudisha na malegevu wakati wa kupiga, umeshapata jibu.

Andika matokeo. Kamba hukatikia pembamba, na hewa hupenya palipochoka. Ukishajua palipochoka hutalazimika kufumua pasipo na kosa.

8. Ondoa vumbi, kisha kaza skrubu.

Vaa barakoa. Fyonza vumbi chini kabisa, nyuma ya makanyagio na kati ya nyundo, ukitanguliza brashi. Utakuta mabaki ya nondo, kinyesi cha panya, sarafu na pini za nywele. Tumia pampu ya mkono kunyonya kila tundu la upau, moja baada ya jingine.

*Onyo:* usipulize hewa ya kompresa kwenye upau. Utasukuma uchafu hadi kwenye vali na kupasua vifuko vya ngozi ambavyo havionekani kwa nje. Mashine ya vumbi ya nyumbani nayo usiiweke moja kwa moja kwenye matundu.

Kisha kaza skrubu zinazobana mbao za sanduku la juu. Mbao zimekauka kwa miaka mingi na ngozi iliyo katikati imelala, kwa hiyo hewa hupita kwenye viungo. Kaza robo ya mzunguko tu kila moja, ukizunguka kama unavyokaza nati za gurudumu, na usilazimishe. Mbao ikishaliwa nyuzi, skrubu haishiki tena. Rudia jaribio la hatua ya 7. Pianola yangu ya pili ilipata nusu ya nguvu zake kwa bisibisi tu.

9. Badilisha mirija.

Mirija ya mpira ikizeeka hukauka kama makaroni yasiyopikwa, huvunjika ukiigusa. Badilisha mmoja mmoja: toa wa zamani, kata mpya kwa urefu ule ule, uvike mahali pake, nenda kwa unaofuata. Ukiitoa yote kwa pamoja utachanganya noti, na kuzitafuta ni kazi ya siku nzima.

Baadhi ya mashine zina mirija ya risasi. Ukiona unga mweupe juu yake, hiyo ni sumu. Vaa glavu na barakoa, usikwangue, nawa mikono kabla ya kula, na watoto wasikaribie. Kama haivuji, iache.

10. Vika upya mivukuto iliyochoka.

Kitambaa kikiwa kigumu, kimepasuka kwenye mikunjo au kinapitisha mwanga wa tochi, kimemaliza kazi. Anza na mivukuto mikubwa ya chini, lakini fanya mazoezi kwanza kwenye vipande viwili vya mbao zisizo na kazi.

Pima mvukuto unafunguka kwa upana gani kabla ya kuubandua, na uandike kipimo juu ya mbao yenyewe. Ondoa kitambaa kwa joto la mvuke na kisu butu, ukihifadhi vipande vya kadibodi na springi za ndani. Angalia vilango vya ngozi, vikijikunja, vibadilishe. Loweka chenga za gundi kwenye maji baridi hadi zivimbe, zipashe kwa chungu ndani ya chungu hadi nyuzi joto 60 hivi, wala usichemshe, kwani gundi iliyochemka imekufa. Gundisha kuanzia katikati ya mdomo, pande zifuate, umalizie kwenye bawaba. Fanya sehemu fupi fupi, maana gundi hii huganda ndani ya dakika moja au mbili.

*Onyo kubwa kuliko yote:* tumia gundi ya ngozi tu. Usitumie gundi nyeupe ya seremala, silikoni wala gundi ya bunduki. Mvukuto wangu wa kwanza niliuvika kwa gundi nyeupe. Ilishika vizuri sana. Miaka michache baadaye kitambaa kilipohitaji kubadilishwa, hakikutoka ila na nyama ya mbao, nikalazimika kuchonga mbao mpya. Gundi ya ngozi huachia kwa joto na unyevu. Walioiunda pianola walikusudia ifunguliwe na kufungwa tena na tena.

Vivukuto 88 vya noti ni kazi ile ile kwa udogo, ila upana wa kufunguka lazima ulingane na wa asili kwa usahihi, na kila kimoja kirudi kwenye namba yake. Jipe majuma kadhaa. Vali na vifuko vya ngozi usiviguse peke yako mara ya kwanza. Kaa na fundi au mkusanyaji akuonyeshe kimoja.

11. Weka roli na upime mwendo.

Tumia roli mpya, usitumie ile ya 1915 uliyoikuta kwenye boksi. Ingiza upande wenye springi kwanza, kisha ule wa kuzungushwa. Vuta ulimi wa karatasi hadi kwenye ndoano ya spuli ya chini, zungusha mara moja kwa mkono ili ikae sawa, weka kishikio sehemu ya kupiga na mwendo kwenye 70. Namba ya mwendo ina maana: 70 ni futi 7 za karatasi kwa dakika, 80 ni futi 8. Weka alama mbili za penseli nyepesi, futi 7 moja hadi nyingine, na utumie saa. Ikichelewa au kuwahi, kuna skrubu ya kurekebisha kwenye kidhibiti mwendo. Zungusha kidogo, pima tena.

12. Jifunze kukanyaga.

Anayekanyaga kama anakimbiza baiskeli hupata kelele tu. Tumia miguu kwa zamu, taratibu, na uongeze nguvu pale wimbo unapopanda. Mguu mzito ghafla hutoa noti nzito, mguu laini hutoa noti laini. Sikiliza, kisha miguu itafuata. Kwa mimi, hapo ndipo raha yote ilipo.

Matatizo na tiba zake

*Noti moja haipigi.* Bonyeza kibao chake kwa mkono. Kisipotoa sauti, kosa ni la piano. Kikitoa, nyonya tundu lake kwa pampu ya mkono, kisha angalia mrija, kisha kivukuto.

*Noti moja inang'ang'ania, au inapiga bila tundu.* Mrija umechomoka, au vali imeingiwa na uchafu, au kitundu cha pumzi kimeziba. Hicho cha mwisho husahauliwa sana: kikiziba, kifuko hakiwezi kurudi chini. Kisafishe kwa uangalifu na usikitanue. Ukikipanua hata kidogo noti hiyo itadhoofika.

*Noti za jirani zinapiga badala ya zinazotakiwa.* Karatasi imekwenda kando. Angalia kama matundu yake yanakaa sawa na ya upau, urekebishe kifaa cha kusogeza roli. Kama ni noti mbili tu zilizobadilishana nafasi, ulichanganya mirija kwenye hatua ya 9.

*Mwendo unaongezeka unapokanyaga kwa nguvu.* Kidhibiti mwendo kinavuja au springi yake imelegea.

*Karatasi inakwenda upesi kidogo kadiri roli inavyokaribia mwisho.* Si ugonjwa. Spuli ya kupokelea inanenepa kwa karatasi, hivyo kila mzunguko unavuta zaidi.

*Kingo za karatasi zinachanika.* Roli haijakaa sawa, au ni kavu mno. Tumia utepe wa kuhifadhia nyaraka. Utepe wa kawaida wa ofisini hugeuka manjano na kuacha ulimbo kwenye upau.

*Kila kitu kinafanya kazi, lakini unachoka baada ya wimbo mmoja.* Rudi hatua ya 7. Bado kuna hewa inayotoroka, aghalabu mahali padogo pengi badala ya pakubwa pamoja. Washa kipande cha ubani na ukipitishe polepole kwenye viungo huku mwenzako akikanyaga, ukiweka moto mbali na kitambaa na vumbi. Moshi utavutwa kuelekea penye tundu.

*Unataka kumpa fundi aifanye yote.* Pata makadirio ya maandishi, muulize atatumia gundi gani, na uombe kuona pianola aliyoimaliza miaka mitano iliyopita. Mara nyingi gharama huzidi bei ya kuiuza, kwa hiyo fanya hivyo kama unataka kuishi nayo.

Vipande vyote vya zamani ulivyovitoa, vitambaa, mirija, ngozi, vitie kwenye mfuko na uuache chini ndani ya kasha. Kisha chukua penseli, si kalamu ya wino, na upande wa ndani wa ubao wa mbele uandike tarehe, ulichokifanya na gundi uliyotumia. Mulika kwanza kabla ya kuandika. Kwenye yangu ya pili nilikuta mwandiko wa mafundi wawili walionitangulia, na mmoja alikuwa ameandika ni vivukuto vipi hakuvigusa.